Timu ya mtaa ichezwe na watu wa mtaa tu, au mamluki ruksa?

Katibu Mchangani:
Wakuu habari za leo, naomba mawazo yenu maana huku kwetu Temeke kijiwe kimegawanyika. Tuna timu ya mtaa, haina udhamini wowote, jezi tunachangishana, mipira wanatununulia wazee wa kijiwe na jamaa wa chipsi, hakuna anayelipwa hata mia. Mazoezi ni saa kumi na nusu jioni na madogo wanajitokeza kweli, hata mvua ikinyesha unawakuta wamebanana kwenye kibaraza cha duka wanasubiri ipungue waingie kiwanjani.

Sasa kombe la diwani linaanza mwezi ujao, kajitokeza mfadhili anatoa jezi seti mbili na nauli, ila sharti lake tulete mamluki sita saba hivi, wengine wanacheza Championship, ile ligi ya chini ya Ligi Kuu yetu, anasema bila hao hatutoki kwenye makundi. Wazee wamekubali, kocha kagoma, na mimi ndo wa kujaza fomu ya usajili. Msimamo wangu siufichi, timu ya ridhaa ya mtaa ichezwe na watu wa mtaa. Mwaka jana robo fainali walikodiwa wanne, wamefika na boda mpira unakaribia kuanza, wakavalia jezi nyuma ya gari, tukashinda mbili bila, wakachukua chao wakasepa. Beki wetu wa kulia ambaye hakukosa mazoezi msimu mzima siku ile alikaa benchi anawashikia simu na viatu. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini na mpaka leo haji, nikikutana nae njiani ananisalimia tu anapita. Nyie huko kwenu mnafanyaje?

Winga Teleza:
Mkuu nakuelewa ila mi nipo upande wa pili na nitakwambia kwanini. Nimecheza ndondo, yaani mashindano ya mitaani, miaka mingi sana, hela ya ndondo ndo ilikuwa inalipa kodi ya chumba changu wakati klabu niliyosajiliwa inamaliza miezi bila kutoa mshahara. Sasa unaponiita mamluki kama vile nimekuja kuiba naumia, mimi nilikuwa naitwa, nacheza kwa moyo, navunjwa mguu kwenye kiwanja chenye mawe, na nikiumia hakuna anayenipeleka hospitali. Halafu angalia Ndondo Cup hapa Dar, ile watu wanayojaa viwanja vya Kinesi na Bandari wanafata mafundi, na watu wakijaa ndo mama wa karanga anauza, mwenye boda anauza, mtaa mzima unachangamka. Na dogo akicheza pembeni ya mtu wa Championship dakika tisini anajifunza vitu ambavyo kocha wenu hana uwezo wa kumfundisha. Sio kila mgeni ni hasara.

Mbagala Damu:
Winga hapo kwenye kujifunza umeongea ukweli nusu, maana dogo anajifunza akiwa NDANI ya uwanja, akiwa benchi anajifunza nini? Kumi na moja ni kumi na moja tu, ukiingiza saba wa kukodi umewatoa saba wa kwenu, hiyo hesabu haina njia ya mkato. Huku kwetu Mbagala tunalo la kusema. Mbwana Samatta, mshambuliaji, katokea huku, akacheza Mbagala Market ile ambayo baadae ikawa African Lyon, ndo Simba wakamuona, Mazembe ya Kongo wakamchukua 2011, 2016 yupo Genk ya Ubelgiji, 2020 yupo ligi kuu Uingereza na Aston Villa. Sisemi kila mtaa una Samatta wake, nasema kwamba huyo kijana kabla hajawa Samatta alikuwa dogo mwembamba ambaye mtu aliamua kumpa namba. Mfadhili anayetaka kombe mwezi ujao hawezi kumpa namba dogo wa hivyo, hana huo muda.

Mbongo Cork:
Niko Ireland miaka kadhaa sasa, acha niwape ya huku maana inagusa kabisa hili swali. Wana michezo yao ya asili, kuna hurling ule wa kupiga kimpira kwa fimbo, na kuna mpira wao wa miguu unaochezwa na mikono pia, vyote viko chini ya chama kinaitwa GAA kilichoanzishwa 1884. Ni ridhaa mpaka juu kabisa, wachezaji hawana mshahara. Fainali ya taifa inachezwa Croke Park pale Dublin, uwanja unaingiza watu zaidi ya elfu 80, unajaa, halafu jumatatu yule aliyefunga anarudi kazini kwake, mwalimu anarudi darasani na fundi umeme anarudi site. Na klabu inaenda na parokia, sehemu nyingi sheria ipo wazi, unachezea ulikokulia, ukihamia kwingine unaomba uhamisho na unaonyesha kweli unaishi huko. Hapa jirani yangu mzee ana jezi ya klabu ya kijijini kwao, babake alicheza pale, yeye kacheza pale, sasa hivi mjukuu wake wa kike anacheza pale pale, na mechi za kawaida tu za kijiji anaenda na mvua na baridi. Kwahiyo ile hoja kwamba bila mafundi wa kukodi watu hawaji uwanjani, mi siikubali. Mtu anakuja kumuangalia mtoto wa jirani yake.

Mama GA:
Mimi ni wa netiboli, nacheza GA, yaani mfungaji, na pia nawafundisha mabinti wa kata yetu hapa Morogoro. Mbongo nimeipenda hiyo ila mjini kwetu ngumu kidogo, watu tunapanga, mkataba ukiisha unahama, leo uko Kihonda kesho uko Mazimbu, sasa mchezaji wangu bora wa ulinzi kahama mitaa mitatu toka nimjue na mazoezi hajawahi kuacha, nimwambie wewe sio wa hapa? Siwezi. Na wale wanaosema lete barua ya serikali ya mtaa, jamani hizo barua zinapatikana, mtu anakuja na barua mpya mkononi na hajui hata duka la karibu na kiwanja liko wapi. Mimi natumia daftari la mazoezi. Kila jioni majina yanaandikwa na kapteni wao, sio mimi, ili kusiwe na upendeleo. Kama jina lako halimo kuanzia mwanzo wa msimu huchezi shindano, hata uwe wa timu ya taifa.

Kijana wa Basque:
Mama GA hilo daftari liko karibu sana na wanavyofanya Athletic Bilbao ya Hispania. Sawa wao ni klabu ya kulipwa, lakini toka zamani wanachezesha watu wa Basque tu, lile eneo la kaskazini mwa Hispania linaloingia mpaka Ufaransa, hawajawahi kushuka daraja na 2024 walibeba Copa del Rey, kombe la mfalme la huko. Kitu watu hawajui ni kwamba sio lazima uzaliwe kule, ukikuzwa kisoka kwenye klabu za kule unahesabika. Beki Laporte alizaliwa Agen huko Ufaransa, nje kabisa ya Basque, ila alipita Bayonne ambayo ipo upande wa Basque, wakamchukua.

Katibu Mchangani:
Nawashukuru sana wote, Winga na wewe pia nimekusoma, kwenye la matibabu uko sahihi kabisa na nitalipeleka. Jumamosi tuna kikao. Nataka nipeleke hivi, fomu ina majina ishirini, wageni wasizidi watatu, na wakae mazoezini na sisi kuanzia wiki hii, mfadhili akikataa basi tutavaa jezi zetu za zamani. Mnaonaje hiyo tatu?

Winga Teleza:
Tatu naikubali, na hao watatu wawe na mtu wa kuwapeleka hospitali wakiumia. Ila kipa asiwe mmoja wao. Winga wa kukodi anacheza upande mmoja tu, huku upande wa pili dogo wenu anapata dakika zake, lakini kipa ni mmoja, ukimleta wa nje kipa wenu hagusi mpira shindano zima. Na yule beki wa kulia mfuate nyumbani kwao kabla ya hicho kikao, jina lake liwe la kwanza kwenye fomu.