Mchua misuli wa timu ni mtaalamu, wa mtaani ni "mdada wa masaji"?

Wadau, tulijadili hili bila kejeli.

Mchezaji akilala uwanjani kashika paja, anaingia mtu na kijibegi, anaminya, ananyoosha mguu, jukwaa zima limetulia. Huyo ni mchua misuli, na kwenye benchi la ufundi yumo. Mimi nafanya kazi hiyohiyo katika chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, cheti ninacho, mwaka wa tisa huu. Simu ikilia usiku: "Mambo dada, mnatoa huduma zote?" Namwambia nachua mgongo na mabega. Anacheka. "Sawa, na ile nyingine bei gani?"

Kuna wanaosema tumejitakia, maana wanaobandika vikaratasi kwenye nguzo za umeme nao wanajiita masaji. Kweli, sibishi. Ila dawa si kubuni jina kubwa. Wenzangu wanaotaka tuitwe "madaktari wa viungo" hapo tunaachana. Daktari ni daktari. Pwani mzazi anakandwa kwa maji ya moto siku 40, na sijasikia mtu akimcheka mkandaji wake.

London walipitia haya haya. Mwaka 1894 jarida la madaktari lilianika nyumba za masaji zilizokuwa madanguro. Wanawake wanne, wauguzi na wakunga, wakaunda chama cha wakandaji waliosomea. Walianza na mtihani na masharti makali: kumkanda mwanamume mpaka daktari aombe, kujitangaza kwenye magazeti ya kawaida marufuku. Chama hicho ndicho leo cha wanafiziotherapia (wataalamu wa tiba ya viungo) wa Uingereza, na jina hilo la fiziotherapia walilichukua miaka ya 1940. Jina lilikuja mwishoni kabisa!

Sasa sikieni. Juzi kaja mzee, kashuka basi la Mwanza, shavu la mguu mmoja limevimba, ukiligusa la moto. Anataka nimchue. Nikamwambia, "Baba, hapa siweki mkono, nenda hospitali sasa hivi." Huenda damu imeganda mshipani, ukichua, bonge linaweza kung'oka likakimbilia mapafuni. Akaondoka kanuna: "Binti, si useme tu kazi imekushinda."

Wa vikaratasi angemchua, na hela angechukua.

Kwa hiyo nauliza: nani atutahini? VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), Wizara ya Afya, au chama chetu wenyewe? Mimi nasema Wizara, kwa sababu ya ule mguu wa mzee. Anayepinga aje na hoja.