Mrejesho: kamba wekundu waliokuwa wakifa kila nikibadilisha maji

Ndugu zangu, mwezi wa pili niliwaomba msaada kwa sababu kamba wangu wadogo wekundu wa maji baridi (yasiyo na chumvi), ninaowafuga nyumbani hapa Kigoma, walikuwa wakifa wawili watatu kila nilipobadilisha maji ya tangi. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilianza na ushauri wa kaka wa Tabora: niliacha kubadilisha nusu ya maji kwa mkupuo, nikawa natoa sehemu moja tu ya kumi kwa wiki, na maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) hukaribia 9, nikayachanganya na maji ya mvua niliyokinga kwa beseni la plastiki uwanjani, si kutoka kwenye bati, kwa kuwa zinki na shaba huwadhuru kamba hata zikiwa kidogo sana. Vifo vilikoma. Baadaye nikamwona jike mmoja amebeba mayai ya manjano chini ya tumbo, akiyapepea kwa vijiguu vyake bila kupumzika, na baada ya siku 26 watoto wakatokea, wadogo kama punje za ulezi.

Uzao huo wa kwanza, kwa masikitiko yangu, ulipotea karibu wote, maana mdomo wa chujio cha tangi huwanyonya watoto pamoja na maji, nami nilichelewa kuuziba kwa sponji kama dada mmoja alivyonisisitizia. Nilipouziba, wa pili ulisalimika: jana usiku nimehesabu 14 kwenye majani. Kupoza maji kwa feni sijafanikiwa, kwani umeme hukatika; badala yake tangi nimelihamishia upande usiopigwa na jua la mchana.