Ekari 6 nje kidogo ya Hillsboro bei chee, ajenti anasema sitaruhusiwa kujenga. Kweli au ananizungusha?

Mtoto_wa_Kasulu:
Habarini wakuu, hasa mlioko huku Oregon, Marekani. Mimi na mama watoto tupo apatimenti Beaverton, kodi inapanda kila tukisaini upya, sasa tumeona shamba la ekari 6 magharibi ya Hillsboro. Nimeenda kuliona kwa macho. Kinachonishangaza ni kwamba upande huu wa barabara nyumba zimebanana paa kwa paa, ukivuka tu upande wa pili hakuna kitu, ni miti ya hazelnut na mashamba ya mbegu za nyasi mpaka macho yachoke. Na bei kwa ekari ukilinganisha na ploti ya ng'ambo ya barabara ni kama kuokota!

Ajenti kaniambia eneo lipo EFU, yaani limetengwa kwa kilimo, na liko nje ya mpaka wa mji, kwa hiyo nyumba ya kuishi nisahau. Nauliza, hela yangu, hati jina langu, nani ananizuia? Kwetu ukinunua kiwanja Jumatano, Jumamosi tofali zipo saiti. Halafu kuna jamaa kanisani ananishauri nijenge stoo ya vifaa vya shamba kwanza kisha tuhamie humo kimyakimya. Nipeni mwanga kabla sijatoa hela.

Ramani_na_Rula:
Mkuu ajenti wako mtu mwema sana huyo, wengine wangekuuzia, wakachukua kamisheni yao, wakatulia.

Hiyo barabara uliyovuka ndiyo mstari wenyewe. Mwaka 1973 bunge la jimbo lilipitisha sheria inaitwa Senate Bill 100, gavana akiwa Tom McCall, na mmoja wa walioisukuma zaidi alikuwa seneta Hector Macpherson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Watu wanadhani hii kitu ilibuniwa na wanaharakati wa mjini, kumbe mkulima aliona bonde la Willamette, udongo bora kabisa wa jimbo, linamezwa na viwanja vya nyumba. Sheria ikalazimisha kila mji na kila kaunti kuwa na mpango wa ardhi unaofuata malengo ya jimbo zima, leo yapo 19, na kila mji uchore mpaka wake wa ukuaji. Ndani ya mpaka unatakiwa kuwa na ardhi ya kutosha makazi ya miaka 20 ijayo, nje ni kilimo na misitu. Mpaka wa Portland na miji inayoizunguka ulichorwa 1979 na unasimamiwa na Metro, mamlaka ya eneo zima la Portland, ambayo viongozi wake wanapigiwa kura na wananchi moja kwa moja.

Sasa EFU maana yake ardhi ya kilimo tu. Ukigawa shamba huko, kila kipande kipya kawaida kisishuke chini ya ekari 80. Nyumba ya mkulima inaruhusiwa, ila kwenye udongo wa daraja la juu njia ya kawaida ni uoneshe shamba limeingiza mapato ghafi dola 80,000 kwa mwaka, na siyo mwaka mmoja wa bahati, ni miwili mfululizo au mitatu katika mitano. Kwa ekari 6 sijui utalima nini ufike hapo labda dhahabu. Kuna mlango mwingine kwa waliomiliki ardhi tangu kabla ya 1985, wewe haukuhusu.

Hiyo bei chee ndiyo bei ya ardhi isiyojengeka, haujaokota chochote.

Nyambura_PDX:
@Ramani_na_Rula umeeleza poa lakini umeipaka mafuta sana hiyo laini. Semeni pia nani analipa. Ukifunga ardhi pembeni, ardhi ya ndani inapanda, na aliyenunua nyumba miaka ya 80 anakula vizuri huku sisi tuliofika juzi tunapanga tu. McCall mwenyewe 1971 alisema kwa TV watu waje Oregon watembee, tena warudi tena na tena, lakini wasihamie bana! Sisi ndio wale alikuwa anatuambia.

Na si wahamiaji tu waliolalamika. 2004 wananchi walipitisha kwa kura sheria inaitwa Measure 37, kama sheria ya ardhi imeshusha thamani ya shamba lako na ulilimiliki kabla ya hiyo sheria, serikali ikulipe ama ikuachilie ujenge. Kwa kampeni walimtumia bibi mmoja wa zaidi ya miaka tisini aliyekuwa anakatazwa kugawa ardhi yake, nani angempinga nyanya kama huyo? Ikashinda kwa asilimia 61 hivi.

Ramani_na_Rula:
Dada malizia stori basi 😂 yakaja madai maelfu kwa maelfu, mengine ya kugawa mashamba makubwa kuwa mitaa mizima, majirani waliopiga kura ya ndiyo kwa huruma ya bibi wakashtuka wanaona kinachokuja ni buldoza. 2007 wakapiga kura tena, Measure 49, ikapunguza haki hiyo ikawa nyumba chache tu kwa wengi wao, nayo ikashinda kwa asilimia 62.

Kuhusu bei nakubali nusu. Mpaka una mchango wake, lakini Boise kule Idaho hawana mfumo kama huu na bei zilipaa vilevile wakati wa korona. Kwangu mimi kosa kubwa lilikuwa ndani ya mpaka, miji ilikubali kuzuia mashamba yasijengwe halafu yenyewe ikaendelea kukataza chochote zaidi ya nyumba moja ya familia moja kwenye mitaa yake mizuri. Unafunga mlango wa nje na wa ndani pia, watu waende wapi? Ndiyo 2019 jimbo likapitisha sheria namba House Bill 2001, miji yenye watu zaidi ya 25,000 na ile ya eneo la Metro iruhusu nyumba za familia mbili, tatu, nne kwenye maeneo ya makazi. Imechelewa miaka arobaini na kitu.

babu_wa_gresham:
Wanangu mnaosema mpaka ukisogezwa nyumba zitashuka bei, nendeni Damascus ya hapa hapa Oregon muone. 2002 Metro walisogeza mpaka, wakaingiza maelfu ya ekari huko mashariki, 2004 wenyeji wakaunda mji wao kabisa, ndoto kubwa. Lakini nani alipe mabomba ya majitaka na barabara? Milima, mabonde, mito, gharama kubwa, wenyeji wenyewe wengi hawakutaka mji, kila mpango ukiletwa wanaukataa kwenye kura, mwisho mji ukavunjwa na kesi mahakamani juu. Mstari kwenye ramani haujengi choo.

Mtoto_wa_Kasulu:
Asanteni sana, nimeelewa vingi. Nyambura umesema ya moyoni mwangu. Sasa je, nikinunua nikakaa nalo tu, si siku moja mpaka utasogea unifikie? Na ile ya stoo?

Ramani_na_Rula:
Kubeti siyo. Tangu 2010 kuna ramani ya pili, inaonesha ardhi ya akiba ya mji na ardhi ya akiba ya shamba kwa karibu miaka 50 mbele. Kama ekari zako ziko upande wa shamba, utasubiri mpaka uwe babu wa mtu. Na kama zipo upande wa mji, muuzaji anajua na bei isingekuwa hiyo.

Stoo usithubutu. Majirani wakulima huko wanajua trekta ya nani imepita saa ngapi, kaunti itapigiwa simu, halafu uhame na watoto tena huku faini ikikusubiri.

Kama ni lazima uishi shamba, tafuta ardhi iliyopangwa kuwa makazi ya vijijini, huwa zinaandikwa RR-5 au namna hiyo, bei juu lakini unajenga kihalali, ukihakikisha kisima na septiki vinakubalika. Kabla ya kulipa hata senti, chukua namba ya ploti nenda dawati la mipango la kaunti uliza nyumba inaruhusiwa au la, wakujibu kwa maandishi.

Nyambura_PDX:
Ama mfanye vile sisi tulifanya, familia mbili mkanunua ploti moja ndani ya mji mkajenga nyumba mbili zilizoshikana. Shamba tunakodisha kipande kwa mkulima tunapanda sukuma na managu. Njoo inbox nikuonyeshe hesabu, lakini kuja na mama watoto, maana swali la nani anachukua upande wa jua lilitusumbua kuliko benki.

Mtoto_wa_Kasulu:
😂😂 nakuja inbox dada.