Naomba ushauri: friji haipumziki, uniti zinakwisha haraka

Wakuu, naombeni msaada. Friji ya mlango mmoja, kompresa ya wati 120, inanguruma mfululizo. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 2.88, ingekuwa inawaka theluthi moja tu ya muda, ingekula 0.96. Tofauti hiyo kwa mwezi inauma.

Vumbi la wavu wa nyuma limeshatolewa, friji iko sentimita 10 kutoka ukutani, na barafu imeyeyushwa. Mpira wa mlango nimeupima kwa karatasi: juu inabana vizuri, ila kona ya chini upande wa bawaba karatasi inachomoka yenyewe. Barafu nayo huanza kuota usawa huohuo, kwa hiyo naamini hewa ya joto inapenya hapo.

Je, mpira ukilainishwa kwa maji ya moto utabana tena, au ninunue mpya? Na themostati (swichi ya kurekebisha baridi), yaweza kuwa mbovu? Nikiizungusha hadi 0 kompresa inazima. Nikiiweka 1, haikati kabisa. Gesi sidhani kama imepungua, maana barafu inashika friza lote, si kipande. Nianzie wapi kabla ya kumwita fundi?