Tupeane uzoefu: wenye magonjwa ya utumbo, mkinyimwa choo mjini Goma mnafanyaje?

Mwalimu wa Ndosho
Ndugu zangu, jana nilikuwa karibu na mzunguko wa Signers nikamwona baba mmoja mwenye shati safi akimsihi mwenye famasi amruhusu aingie chooni, huku amejikunja na mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa kaunta. Alijibiwa kwamba choo ni cha wafanyakazi. Sikumjua kwa sura, lakini nilijua anachougua kwa jinsi alivyokuwa akipumua kwa kuhesabu, kwa kuwa nami nina koliti ya vidonda, yaani utumbo mpana unaowaka na kutoka vidonda, mwaka wa tisa huu. Miaka minne ya kwanza nilitibiwa amiba, kama kila anayeharisha katika mji huu, mpaka nilipoangaliwa utumbo kwa kamera huko Kampala. Ninyi mlio na hali kama yangu, mkibanwa mjini mnafanyaje?

Dada wa Katindo
Mimi nilimeza dawa za amiba miaka mitatu. Nakaa hapa nisome.

Mzee wa Himbi
Mwalimu, umenikumbusha siku niliyoapa kutoisimulia. Nilikuwa kwenye foleni ya benki moja nikisubiri mshahara, na mbele yangu walikuwa wamebaki watu sita. Mwenye ugonjwa wa Crohn kama mimi, ambao nao huwasha utumbo, anajua kwamba haja yake haibishi hodi mara mbili. Nilimwendea santineli, yaani mlinzi wa mlangoni, nikamweleza kwa sauti ya chini, naye akanijibu kwa sauti ya juu kwamba wateja hawana choo. Nikatoka, nikavuka barabara katikati ya pikipiki, nikaingia katika duka la sementi na kuomba tena. Kijana wa pale alitazama jasho lililokuwa likinitiririka, akarudi nyuma, akapiga kelele kwamba nina kipindupindu. Katika mji uliouona ugonjwa huo mwaka 1994, neno hilo linatosha kutawanya soko zima. Watu walikimbia kila upande, nikabaki peke yangu kibarazani, na hapo ndipo yaliponikuta.

Aliyenifikia ni mama muuza makaa. Hakuuliza kitu. Alifungua kikwembe chake cha juu, akanizungushia kiunoni, akanishika mkono mpaka uani kwake. Choo chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya mawe, kama vyoo vingi vya kwetu, kwa sababu chini ni lava tupu ya volkano ya Nyiragongo. Kilikuwa na ngazi saba, nami nilizihesabu zote, miguu ikitetemeka, watoto wa jirani wakinitazama. Akaniletea nusu bidoni ya maji na kipande cha sabuni, kisha akasimama nje kuwafukuza wale watoto. Baada ya wiki nilimrudishia kikwembe chake pamoja na kingine kipya. Alipokea kile cha zamani tu, akaniambia kipya nimpelekee mke wangu.

Dada wa Katindo
Mzee, pole sana. Nimeshindwa kumaliza chai yangu.

Mfanyabiashara wa Birere
Pole, Mzee, na Mungu ambariki mama yule. Lakini naona sisi wenye maduka tunageuzwa kuwa wanyama hapa. Choo changu kimekaa juu ya lava ya mwaka 2002. Fundi alipiga nondo siku nne akapata kina kisichofika hata kiunoni, kwa hiyo kikijaa ninalipa watu waje kukichota. Maji nayo nayanunua kwa bidoni. Zaidi ya hayo, mtu mmoja aliomba choo kwa unyenyekevu mkubwa, akatoka na katoni ya sabuni chini ya koti. Nitamjuaje mgonjwa wa kweli?

Dada wa Katindo
Papa, katoni moja ya sabuni ndiyo imetuhukumu sisi sote?

Mfanyabiashara wa Birere
Zilikuwa katoni mbili.

Muuguzi wa Kyeshero
Naomba niingilie kati. Koliti ya vidonda na ugonjwa wa Crohn haviambukizi. Utumbo wenyewe ndio unaowaka, kwa sababu kinga ya mwili imekosea adui, kwa hiyo aliyempigia Mzee kelele hakuwa na la kuogopa. Kuhusu kumjua mgonjwa, swali hilo wengine wamelijibu. Katika jimbo la Illinois, Marekani, msichana wa miaka 14, Ally Bain, alinyimwa choo dukani akachafuka mbele ya watu, na mwaka 2005 ikatungwa sheria inayoitwa kwa jina lake: duka linalomkatalia mgonjwa bila sababu halali linaweza kutozwa faini isiyozidi dola 100, na katika majimbo kadhaa yaliyoiga sheria hiyo mgonjwa anaonyesha barua ya daktari au kadi. Duka halilazimishwi kujenga choo kipya. Linalazimishwa kufungua mlango wa kile lilicho nacho.

Mfanyabiashara wa Birere
Illinois hakuna lava, Muuguzi.

Motari wa Majengo
Mimi siumwi, ila ninawabeba kwa pikipiki. Ushauri wangu ni kwamba uvae vizuri, uingie hoteli kubwa ukizungumza na simu kwa hasira, na hakuna atakayekusimamisha.

Mwalimu wa Ndosho
Nilijaribu, nikaulizwa namba ya chumba.

Mama wa Mabanga
Mwanangu mwenye Crohn hali chochote tangu jioni akiwa na safari ya asubuhi, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ameiacha kabisa. Pia tunajua kila parokia iliyo njiani.

Muuguzi wa Kyeshero
Mama, sombe muulize daktari wake, kwa maana kila utumbo una tabia yake. Ila kumshindisha na njaa mtoto anayepoteza damu na maji ni hatari. Afadhali abebe suruali ya pili.

Motari wa Majengo
Na anayembeba abebe subira.

Mfanyabiashara wa Birere
Sawa, nimesikia. Barua yenye muhuri wa daktari nitaipokea dukani kwangu. Ila maji mje nayo.

Mzee wa Himbi
Barua ninayo, na bidoni nitabeba. Niambie tu, choo chako kina ngazi ngapi?

Mfanyabiashara wa Birere
Ni tano, Mzee, lakini uiangalie ya tatu, jiwe lake limelegea.