Mjadala: Je, ni bomu la nyuklia lililotuepusha na Vita vya Tatu vya Dunia?

Wakuu, kila yakizungumzwa mataifa makubwa, hakosi mtu wa kusema kwamba Marekani na Urusi hazijawahi kupigana vita kamili ana kwa ana tangu 1945 kwa sababu kila moja inajua ikirusha kombora nayo itateketea. Kwa hiyo bomu ndilo linalolinda amani. Mimi nalikataa hilo, na naweka sababu zangu hapa ili anayebisha abishe.

Kwanza, amani ya nani? Korea, Vietnam, Angola, Afghanistan: uhasama wa wakubwa hawa uliteketeza mamilioni ya watu huko. Waliogopa kupigana kwao, wakapigania kwa wengine.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba kutishana kunahitaji watu na mitambo visikosee hata siku moja. Tarehe 27 Oktoba 1962, mgogoro wa makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba ukiwa umepamba moto, manowari za Marekani ziliizingira nyambizi ya Kisovieti B-59 na kuiangushia mabomu madogo ili iibuke. Ndani joto lilikuwa kali, mawasiliano na Moscow hakuna, na ilibeba topido (kombora la chini ya maji) ya nyuklia ambayo Wamarekani hawakujua kama imo. Mmoja wa waliokuwamo alikuja kusimulia kwamba nahodha alitaka topido hiyo iandaliwe, na kwamba Vasili Arkhipov, afisa mwenzake, ni miongoni mwa waliomtuliza. Siku hiyohiyo ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ilitunguliwa juu ya Cuba, rubani akafa. Rais Kennedy wa Marekani alikuwa akipima hatua zake bila habari ya yale yaliyokuwa yakitokea chini ya maji.

Tarehe 26 Septemba 1983, wiki chache baada ya Wasovieti kutungua ndege ya abiria ya Korea Kusini na kuua watu 269, afisa wa Kisovieti Stanislav Petrov alikuwa zamu kwenye kituo cha kutambua makombora, mitambo ilipotangaza kuwa Marekani imerusha makombora, yakafika matano. Akaripoti kuwa ni hitilafu. Uhakika hakuwa nao; alichojiuliza ni nani angeanzisha vita kubwa kiasi hicho kwa makombora matano tu. Kumbe setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Hapo dunia iliokolewa na bomu, au na mtu aliyekataa kuiamini mashine?

Najua nitajibiwa: Ukraine. Mwaka 1994, huko Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu mipaka yake, nayo ikaachana na silaha za nyuklia za Kisovieti zilizobaki kwenye ardhi yake. Mwaka 2014 ikanyang'anywa Crimea, 2022 ikavamiwa. Hoja hii ni nzito na inauma. Ila kosa liko kwenye ahadi isiyokuwa na wa kuisimamia. Afrika Kusini nayo ilivunja mabomu yake sita na hakuna aliyeivamia. Ukiongeza nchi zenye bomu, unaongeza pia zamu za usiku kama ile ya Petrov.

Kilichopunguza hatari ni kuongea. Mwaka 1963 Washington na Moscow zikaunganishwa kwa mawasiliano ya moja kwa moja. 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Kisovieti wakasaini mkataba wa kuyafuta makombora ya nchi kavu ya masafa ya kati. Vichwa vya nyuklia vilivyokaribia 70,000 miaka ya themanini vimeshuka hadi takriban 12,000. Leo mkataba ule wa 1987 umekufa tangu 2019, na ule wa 2010 uliozibana nchi hizo mbili kwa vichwa 1,550 vya masafa marefu vilivyo tayari kurushwa kila moja uliwekewa ukomo wa Februari 2026. China nayo inaongeza vyake kwa kasi.

Sasa anayeamini bomu ndilo mlinzi wetu anitajie tukio moja ambapo mitambo ilikosea, na kilichozuia maafa kikawa ni bomu lenyewe, si mtu wala si mazungumzo.