MJADALA: Tukio likitokea Mombasa, mwandishi wa habari aruhusiwe kurusha droni papo hapo?

Mwenye mada

Sabalkheri nyote. Nimepiga picha za habari hapa Mombasa miaka kumi na moja, na mitano ya mwisho nina leseni ya kurusha droni. Naiweka hoja yangu mbele ili asiyekubali ajue pa kuanzia: sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni utaratibu wa kibali. Kwa mji wetu utaratibu huo unamfunga anayeitii sheria na kumwachia asiyeijali.

Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), zinataka droni isajiliwe, na anayeifanyia kazi awe na leseni na cheti cha uendeshaji. Usipande zaidi ya futi 400, kama mita 120. Usimkaribie mtu, gari wala jengo lisilo chini ya usimamizi wako kwa chini ya mita 50. Uione kwa macho yako muda wote. Usiku hapana, ila kwa idhini. Na usiruke ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege bila kibali.

Hapo kwenye kilomita 10 ndipo tunapokwama. Chukua ramani, simika bikari kwenye Uwanja wa Moi, uzungushe. Changamwe imo, Miritini imo, Makupa, Tudor, Kilindini. Kivuko cha Likoni kiko karibu kilomita tisa tu kwa mwendo wa kunguru. Ukifika Fort Jesus ndiyo kwanza unaugusa ukingo wa duara. Ongeza bandari, kambi ya Wanamaji Mtongwe na Ikulu iliyo jirani na Mama Ngina. Kisiwa karibu chote kimefungwa, na habari za mji huu nyingi zinatokea kisiwani na kivukoni.

Mnaikumbuka tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama na mama na bintiye wa miaka minne. Picha iliyozunguka nchi nzima ilitoka kwenye simu. Mpaka gari linaopolewa tarehe 11 Oktoba, watu walisimama ng'ambo zote mbili wakitazama maji, na kila mtu ana uvumi wake. Picha moja ya juu, ya mbali, isiyomwonyesha mfiwa yeyote, ingewaeleza watu upana wa eneo linalotafutwa.

Na hili ni langu mwenyewe. Mwaka jana moto ulizuka kwenye safu ya vibanda vya mitumba. Nilifika jua limeshachomoza, moshi bado mzito. Maombi ya kibali nilikuwa nimeyatuma nikiwa njiani, kwa hiyo nikakaa ukingoni mwa barabara, droni mkobani, nikingoja jibu. Juu yangu ikapita droni ya kijana mmoja wa picha za harusi, hana leseni wala chochote. Akaishusha hadi vichwani mwa wazima moto. Upepo wa propela ukalipuliza turubali lililokuwa likifuka, cheche zikaruka mpaka kwenye marobota ambayo wenyewe walikuwa wameshayatoa motoni kwa jasho lao. Mzima moto mmoja akaachia bomba kwa mkono mmoja ili aishike kofia yake. Picha hiyo ndiyo iliyoenea mchana kutwa. Jibu langu lilikuja siku ya tatu, na lilikuwa la kukubaliwa.

Marekani walilikuta tatizo hilihili. Tangu 2018 anga ya karibu na viwanja vyao imegawanywa miraba kwenye ramani, kila mraba na kimo chake cha juu kabisa. Mwenye leseni anaomba kwa programu ya simu, na kwenye mraba ulio wazi anajibiwa kwa sekunde. Kwa nini sisi tusikae na KCAA tukachora miraba ya Mombasa mapema, kabla ya janga, badala ya kuanza kuandikiana barua siku ya janga?

Rubani mstaafu

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Uchungu wako nimeuelewa, lakini nimetua pale Moi zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na nataka usimame kidogo nyuma ya kioo changu. Hata ndege ndogo ikija kutua inapita kilomita 100 kwa saa. Kitu cha ukubwa wa sahani hukioni mpaka kimeshakufikia. Kunguru ni nyama na manyoya. Droni ina betri na mota ndani.

Oktoba 2017 ndege ya abiria ikielekea kutua Québec, Kanada, iligonga droni. Ilitua salama, alhamdulillahi. Januari 2025, Los Angeles inateketea, droni ya mtu aliyetaka kujionea uharibifu ilitoboa bawa la ndege ya kumwaga maji. Ndege ikalazwa chini ikitengenezwa, na nyumba za watu zinaendelea kuungua. Gatwick kule Uingereza, Desemba 2018, hakuna hata kilichogongwa. Taarifa tu za droni kuonekana zilivuruga safari za abiria wapatao 140,000.

Janga likitokea Likoni, kitu cha kwanza ninachotaka kukiona hewani ni helikopta ya uokoaji, tena inaruka chini. Wewe utakuwa wapi wakati huo? Na hiyo ruhusa ya haraka ataitoa nani, mwongozaji wa ndege aliye na ndege nne zinazomngoja?

Bi wa Kibokoni

Wanangu, nyinyi mwazungumza ndege na feri. Mimi nazungumza nyumba yangu.

Nyumba zetu huku Mji wa Kale zimebanana. Madirisha ya chini hatufungui ovyo, faragha yetu iko juu. Huko ndiko tunakoanika nguo, tunakosukana, tunakopunga upepo wa jioni bila buibui. Siku moja mimi na binti yangu tulikuwa tukianua nguo, kichwa wazi, tukasikia mvumo kama wa nyuki. Kuinua macho, kile kidude kimesimama hapo, jicho limetuelekea. Binti yangu alijifunika kwa shuka bichi akaketi chini, hakuinuka mpaka kilipoondoka. Mpaka leo hajui picha ile ilikwenda wapi. Alikuwa mwandishi? Alikuwa mtalii? Ntamuuliza nani?

Kwa hivyo mkichora miraba yenu, nasi mtuite.

Fundi wa droni, Bamburi

Naongezea moja tu, maana matokeo yake naletewa mezani. Droni ikipoteza mawasiliano hurudi pale ilipopaa. Sasa wewe umeipaisha kutoka sitaha ya feri. Feri imeondoka, droni inarudi kwa uaminifu kabisa kwenye alama yake, inashuka taratibu, na pale ni maji. Tena chuma kingi cha feri na makontena kinaichanganya dira kabla hata hujapaa. Na kusi ikivuma, ile betri uliyodhani itakutosha kurudi inaishia katikati ya mkondo. Miraba haitibu hayo. Mtu apaishie nchi kavu, aanze upande upepo unakotoka.

Mwanafunzi wa sheria

Kaka, hofu yangu ni tofauti na za wote hapo juu. Ibara ya 34 ya Katiba inalinda uhuru wa vyombo vya habari, ya 31 inalinda faragha ya Bi. Lakini mwenye kutoa kibali ndiye mwenye kunyima. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa viache kurusha maandamano mubashara, na Mahakama Kuu ndiyo iliyoisimamisha amri hiyo. Mraba unaofunguliwa kwa moto wa sokoni na kufungwa kwa maandamano utakuwa umetusaidia nini?

Mwenye mada

Nianze na Bi, kwa sababu yeye ndiye aliyeumizwa. Shikamoo mama. Kwenye pendekezo langu Mji wa Kale hautakuwa na mraba hata mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwandishi nafuu kwa habari yenye maslahi ya umma, na kuna wenzangu wanaitumia kama ufunguo wa kila mlango. Nguo zako kwenye kamba si habari. Uliuliza utamuuliza nani, na swali hilo limenikaa. Usajili upo, lakini namba iliyobandikwa kwenye droni haisomeki ikiwa hewani. Nataka kila anayeruka kwenye mraba aandike jina la kituo chake, saa na mahali kwenye daftari lililo wazi kwa umma. Ukisikia nyuki tena, uangalie daftari. Asipokuwemo, polisi wajue ni mvunja sheria, wala wasianze kututafuta sisi wenye leseni kwa kuwa ndio tunaopatikana.

Mdogo wangu wa sheria, daftari hilohilo ni jibu lako. Mraba ukifungwa, aliyeufunga aandike jina lake na sababu ya kiusalama: ndege inayokuja, helikopta, upepo. "Maandamano" si sababu ya usalama wa anga. Ila tukubaliane kwamba juu ya umati haturuki, hata mraba ukiwa wazi. Desemba 2015 huko Madonna di Campiglio, Italia, droni ya kamera ya televisheni ilianguka nyuma tu ya bingwa wa kuteleza kwenye theluji Marcel Hirscher akiwa mbioni, ikakosa kidogo kumpata. Na hao walikuwa watu wa kazi hiyohiyo. Mimi maandamano nitayapiga kutoka pembeni, mita 50 au zaidi, kamera ikiwa imelazwa. Kituo kinachotaka picha ya wima juu ya vichwa vya watu kitafute mtu mwingine.

Fundi, yako nimeichukua kama ilivyo. Kupaa kutoka chomboni marufuku.

Mzee rubani, shikamoo. Kwanza, mwongozaji wa ndege simpi kazi mpya. Kimo cha kila mraba kinakubaliwa siku ya kuchora, mwenye leseni anatoa taarifa tu kwa ofisi moja ya zamu kabla ya kupaa. Pili, Chaani, Port Reitz na Dongo Kundu, zilizo karibu na uwanja wa ndege, zibaki zimefungwa moja kwa moja, simu au si simu. Tatu, sauti ya helikopta ikisikika, droni inashuka hapohapo, na asiyeshusha anapoteza leseni bila kuonywa kwanza. Na msiba ukiwa mbichi, kanuni za maadili za kazi yetu zinatukataza kuwaingilia watu kwenye uchungu wao, kwa hiyo kamera haimwelekei mfiwa hata akiwa mita 300.

Rasimu ya barua kwa KCAA ninayo, kurasa mbili na ramani. Kwenye mraba wa kivukoni nimeandika futi 150. Mzee, zinakutosha zikiwa na helikopta inayoingia kutoka baharini, au nishushe mpaka 100 kabla sijaituma Ijumaa?